Bunduki inatawanya risasi: je, dawa ni kujaza risasi mwenyewe?

*"Naomba ushauri, mtaalamu. Nafanya kazi katika ranchi moja wilayani Kiruhura, jirani na hifadhi ya Ziwa Mburo. Kampuni ina bunduki ya bolti ya .243 Winchester yenye vibali vyote, na huitumia pale tunaporuhusiwa kupunguza nguruwe pori na nyani wanaomaliza mahindi ya wanakijiji. Tatizo ni kwamba kwa mita 100 risasi zinatawanyika sentimita 8 hadi 10, siku nyingine hata zaidi. Mtutu ni mwembamba, kitako ni cha mbao, darubini ni 3-9x40. Tunatumia risasi zozote zinazopatikana. Binamu yangu aliye Afrika Kusini hujaza risasi zake mwenyewe, na amenitumia picha ya matundu matatu ndani ya sentimita 2. Amenitumia pia kipimo chake cha baruti kwa WhatsApp, na yuko tayari kunipa mashine yake ya zamani ya kujazia. Nikijifunza kujaza, bunduki yetu itatulia? Nianzie wapi?"*

Ndugu msomaji, wasiwasi wako una msingi. Mtawanyiko wa sentimita 10 kwa mita 100 unakuwa sentimita 15 kwa mita 150, na sehemu ya kifua cha nyani inayoua papo hapo ni ndogo kuliko hapo. Maana yake hata ukilenga sawasawa, baadhi ya risasi zako zitajeruhi tu, na nguruwe pori aliyejeruhiwa akaingia kichakani ni balaa kwa atakayemfuata. Hilo lazima lirekebishwe. Ila kujaza risasi mwenyewe hakutalirekebisha, na kwa hapa Uganda ni njia ambayo sikushauri uianze.

Nianze na sheria, maana hiyo haina mjadala mrefu. Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 inaziweka bunduki na risasi chini ya vibali kuanzia kununua na kumiliki hadi kutengeneza. Cheti cha kampuni yenu kinawaruhusu kuwa na bunduki ile na risasi zake. Hakiwageuzi kuwa watengenezaji wa risasi. Afrika Kusini mambo ni tofauti: mwenye leseni ya bunduki anaruhusiwa kujaza risasi kwa ajili ya bunduki yake, na maduka yanauza baruti na fataki (kile kidude cha kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti) waziwazi. Binamu yako havunji sheria ya kwao. Wewe ukipokea mashine, ukafuatisha na kopo la baruti lililovuka mpaka ndani ya mizigo, unaiingiza kampuni na wewe mwenyewe kwenye kesi. Kama mwajiri wako anaona jambo hili ni la lazima, aulize polisi kwa maandishi, kwenye ofisi ile ile iliyotoa cheti, na asubiri jibu la maandishi kabla hata ya kupokea mashine.

Sasa tuje kwenye bunduki yenyewe.

Watu wengi wanadhani mtawanyiko unajumlishwa kama shilingi: kosa la bunduki hili, kosa la risasi lile, kosa la mpigaji lile, unajumlisha unapata jumla. Sivyo. Makosa yasiyotegemeana hujumlishwa kwa mraba. Tuseme matatizo ya bunduki yenu peke yake yanatoa sentimita 9, na tofauti kati ya risasi moja na nyingine inatoa sentimita 3. Tisa kwa tisa ni 81, tatu kwa tatu ni 9, jumla 90, na kipeuo chake cha pili ni kama 9.5. Sasa chukulia umejaza risasi kamilifu kabisa, kosa lao limekuwa sifuri. Umeshuka kutoka 9.5 hadi 9. Basi. Huwezi hata kuiona tofauti hiyo kwenye karatasi. Geuza upande wa pili: acha risasi za kiwandani kama zilivyo, rekebisha bunduki ishuke kutoka 9 hadi 2. Nne ukijumlisha na tisa ni 13, na kipeuo chake ni sentimita 3.6. Bunduki imetulia kwa kazi yako, na hakuna aliyegusa baruti.

Hiyo ndiyo sababu hata wajazaji wazoefu hawaanzi na baruti. Wanaanza na skrubu.

Kuhusu picha ya binamu, simwiti mwongo, lakini matundu matatu yanadanganya. Bunduki ile ile, risasi zile zile, mpigaji yule yule, inaweza kutoa matundu matatu ndani ya sentimita 2 na baada ya dakika kumi ikatoa matatu ndani ya 5, bila kitu chochote kubadilika. Ni bahati tu ya namna risasi tatu zilivyoangukia. Kwa wastani, kundi la risasi tano huwa pana kuliko la tatu kwa karibu robo, na la kumi huwa pana kwa zaidi ya nusu. Mtu anayepiga matatu mara kumi na kutuma picha ya kundi bora anaonyesha siku yake ya bahati. Kuanzia leo pima kwa matano, piga makundi mawili au matatu, na chukua wastani wake. Usiitupe risasi "iliyotoroka" kwenye hesabu labda kama ulijua kabla ya kutazama kwamba umeivuta vibaya.

Na lengo lako liwe lipi? Bunduki nyembamba ya kiwandani yenye mbao, ikitoa makundi ya tano ya sentimita 3 hadi 4 kwa mita 100, imefanya kazi yake. Kwa mita 150 hiyo ni kama 5 au 6. Zaidi ya hapo utakuwa unatafuta fahari.

Kazi inaanzia mezani. Toa bolti (chuma cha kuvuta kinachofunga bunduki kwa nyuma), hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, yaani tundu inamokaa risasi, ni tupu, na risasi zote ziwe chumba kingine. Kisha tazama skrubu zinazofunga darubini, maana huko ndiko nyumbani kwa mitawanyiko mikubwa. Kuna ngazi mbili: skrubu zinazoshika msingi kwenye bunduki, na zile za pete zinazoshika darubini. Zile za chini mara nyingi hazionekani mpaka uvue darubini, na ndizo watu husahau kwa miaka. Zivue, futa mafuta kwenye nyuzi zake kwa spiriti, weka tone dogo la gundi ya nyuzi ile isiyo ya kudumu, na kaza kwa bisibisi ya kupimia nguvu. Kwa skrubu ndogo za namna hii kipimo cha kawaida ni kama nyutoni mita 2. Maelekezo ya aliyetengeneza msingi na pete yakisema vingine, fuata yake. Skrubu za pete zikikazwa kupita kiasi zinaminya bomba la darubini na kuharibu mitambo ya ndani, kwa hiyo mkono wenye nguvu hapa ni hasara.

Halafu geukia skrubu mbili za chini zinazofunga mwili wa bunduki kwenye mbao. Mbao hunyauka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua. Kwenu huko, bunduki iliyokazwa vizuri mwezi wa Julai inaweza kuwa inabanwa kwa namna nyingine kabisa ifikapo Novemba. Kwa mbao tupu isiyo na nguzo za chuma ndani, nyutoni mita 4 hadi 4.5 ndicho kipimo cha kawaida. Yenye nguzo za alumini hukubali zaidi. Kaza ya mbele kwanza kidogo, ya nyuma kidogo, kisha rudi umalizie ya mbele na ya nyuma. Jaribio la haraka: shika bunduki wima, weka kidole kimoja mahali mtutu unapokutana na ncha ya mbao, na mwingine alegeze na kukaza skrubu ya mbele taratibu. Ukisikia mtutu unasogea kwenye kidole, mwili wa bunduki haujakaa sawa ndani ya mbao, unapindishwa kila unapokazwa. Hilo ni la fundi, nitalirudia.

Chukua noti ya shilingi elfu moja, ipitishe chini ya mtutu kutoka ncha ya mbao kurudi nyuma kuelekea chemba. Inatakiwa iteleze bila kukwama. Ikikwama upande mmoja, mbao inaugusa mtutu, na hapo una maelezo ya kutosha ya sentimita nyingi. Risasi inapopita, mtutu hutetemeka kama uzi wa adungu uliochapwa. Ukiguswa na mbao mahali pamoja leo na pengine kesho, mdomo wake utakuwa unaelekea kwingine kila risasi inapotoka. Lakini angalizo: baadhi ya bunduki zimeundwa makusudi na kituta kidogo kwenye ncha ya mbao kinachousukuma mtutu juu. Ukikuta kituta kimoja nadhifu kilicho katikati, kiache. Mguso wa upande mmoja tu ndio tatizo, na msasa uliozungushiwa kwenye kijiti cha duara unautatua kwa saa moja. Kisha paka vanishi palipobaki mbao tupu, la sivyo mvua itakurudisha ulikotoka.

Sasa ndani ya mtutu. Risasi zina koti la shaba nyekundu, na kila inayopita huacha utando. Bunduki ya kampuni inayopita mikono mingi mara nyingi husafishwa moshi wa baruti tu, huku shaba ikirundikana miaka kwa miaka mpaka mifereji ya ndani inayoizungusha risasi inaanza kuzibika. Tumia dawa ya kuondoa shaba, fimbo moja isiyo na viungo, na ingiza kutokea upande wa chemba, si mdomoni. Kitambaa kikitoka na rangi ya buluu au kijani, shaba bado ipo. Lowesha, subiri muda ulioandikwa kwenye chupa, futa, rudia mpaka vitambaa vitoke bila rangi. Kwa mtutu uliopuuzwa hii inaweza kuchukua jioni nzima. Mwisho futa dawa yote, pitisha mafuta kidogo, na kabla ya kupiga kausha mafuta hayo. Risasi ya kwanza kwenye mtutu wenye mafuta huenda kwingine, na mbili tatu zinazofuata nazo zinaweza kuyumba mpaka mtutu "uchafuke" tena kiasi. Usizihesabu.

Kagua mdomo wa mtutu pia. Pamba ya kusafishia masikio, izungushe taratibu kwenye ukingo wa ndani wa mdomo. Ikinasa nyuzi mahali fulani, pana kovu, na gesi inayotoka hapo mapema kuliko pengine huisukuma risasi kitakoni wakati ikitoka. Bunduki zinazobebwa mdomo chini kwenye sakafu ya gari hupata makovu haya kwa wingi. Fundi huukata upya ukingo kwa muda mfupi.

Baada ya hapo ndipo uende shabaha, mahali penye idhini na kilima cha udongo nyuma ya karatasi. Meza nzito, mfuko wa mchanga mbele na mwingine mdogo nyuma chini ya kitako. Mifuko ya mchele au maharage inafaa vilevile. Mfuko wa mbele uguse mbao, usiguse mtutu kamwe. Usiukumbatie mtutu kwa mkono wa kushoto. Mkono huo uminye mfuko wa nyuma kupandisha na kushusha alama. Ukitikisa kichwa kidogo nyuma ya darubini na kuona alama ya msalaba inahama juu ya shabaha, jicho lako halikai mahali pamoja. Tafuta namna ya kulaza shavu kwenye mbao ile ile kila mara.

Mtutu mwembamba wa .243 unapata moto upesi. Baruti nyingi nyuma ya tundu la milimita 6 si mchezo. Piga moja, subiri dakika moja au zaidi, piga nyingine. Baada ya tano fungua bolti, acha wazi, weka kivulini mpaka uweze kushika mtutu bila kuuondoa mkono. Ukiona matundu yanapanda ngazi kuelekea upande mmoja, risasi baada ya risasi, hiyo ni joto, na mara nyingi joto pamoja na mguso wa mbao. Piga asubuhi. Upepo wa kilomita 16 kwa saa kutoka ubavuni unaisogeza risasi ya greini 100 (greini ni kipimo kidogo cha uzito) karibu sentimita 2 kwa mita 100, na karibu 8 kwa mita 180, kwa hiyo mchana wenye upepo unaokuja na kukata haukufundishi chochote.

Jaribu na darubini. Piga risasi mbili au tatu, kisha zungusha vifundo vya kurekebishia darubini: mibonyezo 20 kulia, piga. 20 juu, piga. 20 kushoto, piga. 20 chini, piga. Kama kila mbonyezo ni robo ya dakika ya pembe (dakika ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja), ni milimita 7 hivi kwa mita 100, kwa hiyo unapaswa kupata mraba wa sentimita 14 hadi 15 kila upande, na kundi la mwisho lirudi lilipoanzia. Lisiporudi, darubini imekufa ndani ingawa kioo chake bado kinaonyesha vizuri. Njia ya mkato ni kuazima darubini mnayoiamini kutoka bunduki nyingine ya kampuni. Kundi likipungua upana ghafla, umempata mwizi.

Na mpigaji? Usione vibaya nikiuliza. Mwenzako akupakilie bunduki bila wewe kuona, mara risasi halisi, mara risasi ya mazoezi isiyo na baruti wala fataki hai. Ukivuta ile ya mazoezi na mdomo wa bunduki ukazama, unaogopa mlio kabla haujaja. Vaa vizuia sauti masikioni, na mazoezi ya kuvuta bila risasi nyumbani, dakika chache kila siku, huponya hilo taratibu.

Hapo ndipo tunafika kwenye risasi, na sentensi yako moja ndiyo iliyonishtua kuliko ile ya binamu: "tunatumia risasi zozote zinazopatikana." Kila mtutu una risasi zinazoufaa. Risasi ya greini 58 inatoka kwa zaidi ya mita 1,100 kwa sekunde, ya greini 100 kwa karibu 900. Zinakaa ndani ya mtutu muda tofauti, zinautetemesha tofauti, zinatoka mdomo ukiwa mahali tofauti. Ukizichanganya katika kundi moja, au ukirekebisha darubini kwa hii na kupiga kwa ile, sentimita 8 zinajengeka hapo hapo bila kosa la mtu yeyote.

Nunua kwa muuzaji mwenye leseni boksi moja moja la aina tatu au nne. Kama zinapatikana mbili tu, basi mbili. Piga makundi mawili ya tano kwa kila aina, ukianza kila aina kwa risasi mbili za kuzoesha mtutu zisizohesabiwa. Chagua yenye wastani mdogo, si yenye kundi moja la kupendeza. Kisha tazama namba ya bechi iliyogongwa kwenye boksi na ununue akiba ya bechi hiyo hiyo kadiri cheti kinavyoruhusu, kwa sababu kiwanda kikibadilisha baruti au fataki kati ya bechi na bechi, jina kwenye boksi halibadiliki. Ikija bechi mpya, piga kundi moja upya na urekebishe darubini.

Katika kuchagua, usisahau kazi. Mitutu mingi ya .243 ina mfereji unaozunguka mara moja kila inchi 10, na huo unazituliza risasi za kawaida hadi greini 100. Zile ndefu za kupigia shabaha za greini 105 na zaidi zinahitaji mzunguko wa kasi zaidi. Tundu la mviringo wa yai kwenye karatasi ni dalili kwamba risasi haikutulia hewani. Risasi nyepesi zenye ncha ya plastiki zinazopasuka haraka ni nzuri kwa wanyama wadogo, lakini dume la nguruwe pori, mwenye bega nene na uzito unaoweza kupita kilo 80, zinaweza kumpasukia juu juu na kumwacha na kidonda. Kwa nguruwe tumia greini 95 au 100 zenye ncha laini za kuwindia. Kama huwezi kuwa na darubini mbili zilizorekebishwa, tumia greini 100 kwa kazi yote. Irekebishe ipige sentimita 4 juu ya shabaha kwa mita 100, na itakuwa sawasawa karibu na mita 200.

Sikudharau ufundi wa kujaza. Unafanya nini hasa? Ganda lililokwisha kupigwa ndani ya chemba yako limechukua umbo la chemba hiyo, kwa hiyo linakaa katikati vizuri kuliko jipya. Mjazaji huchagua umbali kati ya kichwa cha risasi na mwanzo wa mifereji, akauhamisha robo ya milimita kwa robo ya milimita mpaka kundi lijikusanye. Anahakikisha shingo za maganda zinashika vichwa kwa nguvu moja, na anapima baruti kwa sehemu ya kumi ya greini. Hayo ni faida za kweli, kwa bunduki ambayo tayari iko sawa. Lakini angalia ukubwa wake: sehemu moja ya kumi ya greini kwenye .243 hubadili kasi kwa takriban mita 2 kwa sekunde. Hata tofauti ya mita 30 kwa sekunde, ambayo ni kubwa, inahamisha risasi chini ya nusu sentimita kwa mita 100. Kwa mita 300 inakuwa kama sentimita 5, na huko ndiko wajazaji wanakopata thamani ya jasho lao. Wewe unalinda shamba la mahindi.

Kipimo cha WhatsApp ukifute. Kipimo cha baruti ni mali ya bunduki moja, ganda moja, kichwa kimoja na fataki moja. Kuna baruti za makampuni mbalimbali zenye namba ile ile kwenye kopo, kwa mfano 4350, ambazo haziungui kwa kasi moja. Anayesoma namba akaruka jina anajaza kitu kingine. Ganda nene la aina nyingine lina nafasi ndogo ndani, shinikizo linapanda. Kichwa kikisogezwa mpaka kiguse mifereji, linapanda tena. Ndiyo maana vitabu vya wajazaji huanza kama asilimia 10 chini ya kiwango cha juu na kupanda hatua ndogo ndogo, huku mtu akitazama fataki zilizobapa, alama za kung'aa kwenye kitako cha ganda, na bolti inayogoma kuinuka. Na kushuka mno nako ni hatari kwa baruti zinazoungua taratibu, jambo ambalo wengi hawalijui. Mwili wa bunduki ukipasuka, uko sentimita kumi na tano kutoka usoni.

Kuna imani nyingine mbili nazisikia sana. Ya kwanza, kwamba risasi za nje "hazijazoea" mwinuko wa huku kwetu. Baruti hubeba oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo mwinuko hauigusi. Hewa nyepesi ya mita 1,200 hupunguza tu ukinzani kidogo, na risasi yako itashuka kidogo pungufu ya jedwali la kwenye boksi. Kwa mita 150 hutaona. Ya pili, kwamba risasi ni chuma na chuma haiharibiki. Boksi lililoachwa juu ya dashibodi juani linaongeza shinikizo la baruti, na lililoachwa kwenye stoo yenye unyevu linaota kutu ya kijani kwenye maganda. Ziweke kwenye kopo lisilopitisha hewa, mahali pa baridi, na zenye kutu iliyochimba ganda usizipige. Zirudishwe kwa muuzaji au polisi.

Ukimaliza yote haya na makundi ya tano bado yako juu ya sentimita 5, acha kuteketeza risasi na peleka bunduki kwa fundi mwenye leseni. Mwambie ulichokwisha kufanya, na mwombe akague mambo manne: namna mwili ulivyokaa kwenye mbao, ukingo wa mdomo, mwanzo wa mifereji kama umeliwa (.243 ina sifa ya kula sehemu hiyo mapema, hasa bunduki iliyopigwa mfululizo ikiwa moto), na uzito wa kuvuta kifyatulio. Hicho cha mwisho usikiguse mwenyewe hata kama umeona video ya kukilainisha. Usingoje wala kujaribu chochote, nenda moja kwa moja, ukiona bolti inagoma kufunguka baada ya kupiga, ganda lililopasuka, gesi inayokupuliza usoni, au mlio dhaifu usio na tundu kwenye karatasi. Katika hilo la mwisho risasi inaweza kuwa imekwama katikati ya mtutu, na nyingine ikifuata nyuma yake mtutu utapasuka: ondoa bolti, tazama kutokea chemba kama mwanga unapita, na kama haupiti, bunduki isipigwe mpaka fundi aitoe.

Na kwa upande wa vibali, nyani, tumbili na nguruwe pori wamo kwenye orodha ya wanyama waharibifu hapa nchini, lakini hiyo peke yake si ruhusa ya kupiga. Kabla ya kila zoezi, mwajiri awe na makubaliano yaliyo hai na wilaya na Mamlaka ya Wanyamapori Uganda, na nakala iwe ndani ya gari pamoja na cheti cha bunduki.